Herman na Ngoma ya Mashine

Mwaka ule Herman, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma la Bagika pale Kharumwa, alikuwa hana mpigaji ngoma. Siyo kwamba mpigaji kafa. Maganga alikuwepo, mzima wa afya, ila alikuwa amehamia dukani kwa Sanket. Huko, nyuma ya magunia ya sukari, Sanket aliweka televisheni na mashine ya michezo, jenereta ikiunguruma uani, na Maganga akitoka shambani alishinda humo mpaka duka lifungwe. Mavuno yalikwisha, na wiki iliyofuata wapinzani wao, kundi la Bagalu, walikuwa wanakuja kushindana. Bila Maganga, Herman angeaibika mchana kweupe, na alilijua hilo.

Jumapili baada ya misa akamfuata.

"Shikamoo, baba," Maganga akasema, kama vijana wote wa ngoma walivyomwita, vidole vikiendelea kubonyeza.

"Marahaba. Inuka, twende mazoezini."

"Mimi nimeshazoea huku, baba."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: askari anapigana na mazimwi, na ngoma inalia muda wote. Ukibonyeza sawasawa na mdundo, upanga unakata. Ukiwahi au ukichelewa, upanga haukati na zimwi linakumeza. Basi, hakuna zaidi. Herman akaona ni mchezo wa watoto. Nani Kharumwa nzima anaujua mdundo kumzidi yeye?

"Tushindane," akasema. "Nikishinda, unarudi."

Maganga akakubali. Sanket akampa kila mmoja pedi yake ya kubonyezea, na wateja wakaacha walichokuja kununua.

Loo, aibu! Herman alizoea kuuvuta mdundo, kuukatisha, kuuruka, wapigaji wakihangaika kumfuata. Ngoma ya mashine haihangaiki na mtu. Askari wake akamezwa, akafufuka, akamezwa tena, huku wa Maganga akifyeka mazimwi kama anavuna mtama. Watu wakacheka, na Herman kilimuuma haswa kile kicheko.

Ndipo akafanya anachokijua. Kwa Wasukuma, ngoma haina pointi: makundi mawili hucheza uwanjani kwa wakati mmoja, na watu hukimbilia upande unaowavutia. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, hakuna cha mjadala. Herman akaitupa pedi juu ya gunia, akaanza kucheza pale pale kati ya madebe ya mafuta ya taa, akitunga papo hapo. Eti Maganga kaoa televisheni! Eti mke hachoti maji, hapiki, na mume ndiye anayempikia mafuta ya jenereta! Akaiga vile vidole vinavyobonyeza, akaiga mdomo ulivyoachama. Mayu, mama wee! Watu walivunjika mbavu. Wakaipa televisheni mgongo, wakamzunguka, wakaitikia wimbo, na Sanket mwenyewe akatoka nyuma ya kaunta anapiga makofi.

Mazimwi yakaisha. Mashine ikamtangaza Maganga mshindi, na hakuna aliyetazama.

"Unaona?" Herman akasema, jasho linamtiririka, furaha imempanda kichwani. "Watu wote wako kwangu. Kwa desturi yetu nimekushinda. Twende zetu."

"Umeshinda, baba," Maganga akasema. Hakuinua sauti. "Hata mwaka jana uwanjani ulishinda hivi hivi. Watu walianza kuhamia kwa Bagalu, ukageuza mdundo ghafla, nikapotea, ukanitungia wimbo wa kunicheka huku mimi mwenyewe nakupigia ngoma. Mama yangu alikuwepo pale." Akabonyeza kuanza upya. "Nilisema nitarudi, najua. Sirudi."

Mmoja mmoja wateja wakakumbuka sukari yao.  Herman alijaribu kweli kuikumbuka siku ile: wimbo ulisemaje, kijana alikaa wapi, mama yake alisimama upande gani. Hakukumbuka hata kimoja. Alichokumbuka ni watu tu, jinsi walivyokuwa wengi.