Kambakoche wa West Bay

Majira ya baridi ya mwaka 2012, hoteli moja ya ghorofa nyingi pale West Bay, Doha, ilitangaza Wiki ya Pwani ya Meksiko, na Riziki Makame, Mzanzibari wa jiko la nyuma, akapewa kazi ya kuchagua maharage. Aliyachagua kwenye sinia huku mpishi mkuu akieleza wageni watakula nini: kambakoche aliyepasuliwa katikati na kukaangwa kwa siagi, wali mwekundu wa nyanya, maharage ya kupondwa, na chapati nyembamba za unga wa mahindi. Kabla ya hapo wangeletewa samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu, na vipande vya embe bichi vyenye chumvi na pilipili ya unga.

Riziki alisikiliza mpaka mwisho. "Wali maharage," alimnong'oneza mwenzake. "Na embe la pilipili, kama lile la nje ya skuli. Watu wapande lifti kwa hayo?"

Walipanda. Ukumbi ulimwagiwa mchanga ulioletwa kwa lori kutoka jangwani, na wageni wakavua viatu mlangoni wakicheka. Kambakoche wenyewe walikuja kwa ndege ndani ya maboksi meupe ya barafu. Hawakuwa na magando, walikuwa na ndevu ndefu na mgongo wa miiba, sawasawa na wale wa kwao Unguja, ila hawa walikuwa wameingia nchini bila mtu kuwachukulia pasipoti.

Mgeni wa kwanza kumaliza sahani yake alikuwa mzee mmoja mwenye kampuni ya vioo. Alipofuta mdomo, sauti ya bahari ikatoka tumboni mwake. Lilianza wimbi dogo, likafuata kubwa, likavunjika, likarudi nyuma likikokota kokoto zake. Haikuwa bahari ya Doha, ambayo imetulia kama maji ya karai. Ilikuwa bahari kuu, yenye mambo yake. Mhudumu alimwongezea mzee maji ya kunywa na kuondoa sahani.

Kufikia wakati wa kitindamlo ukumbi mzima ulikuwa ukinguruma, na wageni wakazungumza kwa sauti ya juu kidogo ili wasikilizane. Waliondoka wameridhika. Kesho yake watu wa matangazo waliongeza maneno kwenye bango la mlangoni: Rudi nyumbani na bahari yako. Ilijulikana upesi kwamba aliyekula tonge moja alikuwa na mawimbi madogo, aliyekula kambakoche mzima alikuwa na makubwa, na kwamba bahari haikauki kwa haraka.

Mudir, yaani meneja wa hoteli, mtu mwembamba mwenye maneno laini, alipita meza kwa meza akiwaambia wageni kwamba anawaonea wivu. Yeye vitu vya baharini vinamwasha ngozi, alisema. Hajavigusa tangu utotoni.

Nyuma ya jiko palikuwa na geti la mizigo, na getini alisimama Laban, askari kutoka Vihiga, Kenya. Feni ya jiko ilitolea harufu zake zote usoni mwake. Laban alikuwa mtu wa kufuata sheria, na safari hii alikuwa na sababu. Mke wake, Roselyne, alikuwa amepata kazi ya dobi katika hoteli hiyohiyo, viza ilikuwa inatoka, na Laban ndiye aliyempendekeza. Walikuwa hawajaonana tangu alipoondoka nyumbani, na mengi huharibika watu wasipoonana. Alihesabu kwamba akiweza kusimama pale bila doa lolote mpaka mke afike, mengine yatajipanga.

Sheria ya hoteli ilikuwa kwamba chakula cha wageni hakiliwi na mfanyakazi. Kilichobaki kilitupwa, kisha kikamwagiwa sabuni ya vyombo ili asije mtu akakionea huruma. Lakini Riziki alilelewa na bibi ambaye hakuwahi kufunua chungu bila kumpelekea jirani kijibakuli. Kwao, harufu ikishamfikia mtu, mtu huyo ana haki ya kuonja, na asipoonjeshwa mpishi ndiye mwenye dhambi. Kila alipotoka kumwaga maji alimkuta Laban anameza mate kiaskari, kichwa juu, na kila mara alirudi ndani hana raha.

Jioni moja alifunga kipande cha kambakoche na kijiko cha wali maharage ndani ya chapati ya mahindi, akamfuata getini.

"Hapana, Riz," Laban alisema. "Hiyo ni ya wageni. Mimi hii kazi naitaka sana, unajua."

"Mie sijakupikia, yakhe. Nakuonjesha tu. Umenusa, onja."

Laban aliangalia kamera, akaigeuzia mgongo, akala kwa tonge mbili. "Haki ya Mungu," alisema. "Ni wali maharage na utajiri." Wimbi dogo likapanda tumboni mwake, likalala. Akafunga mkanda vizuri na kurudi mahali pake.

Tatizo lilianza asubuhi zilipoenea habari za chumba cha baridi. Maboksi yalikuwa yanapungua. Kila siku yaliletwa mengi na kila siku yakakutwa machache, bila kufuli kuvunjwa. Mpishi mkuu alimtazama mkata mboga, mkata mboga akamtazama mwosha vyombo, na mwosha vyombo akakumbuka kwamba juzi alimwona Riziki anatoka na kitu mkononi, ingawa hakusema kwamba huenda ilikuwa ndoo ya maji ya kumwaga. Kwenye kambi ya wanaume kule Industrial Area, watu walioazimana wembe na brashi ya viatu kwa miaka walianza kulala wametegeana masikio. Laban alilalia tumbo, mto chini yake, redio ikiimba juu. Wenzake walimuuliza tangu lini amependa taarabu.

Riziki aliishi Muaither, katika nyumba ya wasichana wa kampuni. Jioni alipokwenda dukani kununua maziwa alipita nyuma ya villa ya Mudir, na nyuma ya ukuta akasikia bahari. Haikuwa wimbi la mtu mmoja aliyeonja. Ilikuwa bahari ya mkeka mzima wa watu walioshiba, ikipiga ukuta kwa ndani hata vumbi la juu likawa linaanguka. Nje ya geti Hamza, dereva wa hoteli, mtu wa Tanga, alikuwa akishusha maboksi meupe kutoka kwenye gari dogo.

"Hujaniona," Hamza alimwambia bila kugeuka. "Na mimi sijakuona. Tumeelewana, dada?"

"Kuna nini humo ndani?"

"Vitu vya ofisi."

Maji ya barafu yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye vitu vya ofisi. Riziki alinunua maziwa yake na kurudi kwa njia nyingine, na moyo wake ulijaa chuki aliyokuwa hajawahi kuwa nayo kwa mtu kama Mudir, aliyemwamkia vizuri kila siku.

Siku iliyofuata wafanyakazi wote waliitwa kwenye ukumbi wa mafunzo. Mudir alisimama mbele, akasema kwa huzuni kwamba hoteli ni familia na ndani ya familia ameingia mwizi. Alipokuwa akisema, tumbo lake lilinguruma kwa mawimbi makubwa yaliyofuatana, moja likivunjika kabla jingine halijarudi. Glasi zilicheza juu ya meza. Waliokaa mstari wa mbele walisogeza viti nyuma kidogo, kama mtu anavyofanya ufukweni akiona maji yanapanda.

"AC hii," Mudir alisema. "Aitwe fundi."

Levis, fundi wa viyoyozi, alipanda ngazi, akafungua kifuniko, akatazama ndani ambamo mlikuwa kimya kabisa, akafunga. "Imepona, boss," alisema. Bahari iliendelea. Mudir alimshukuru, na watu wote wakaanza kuchunguza viatu vyao.

Aliitwa Winfred, nesi wa kampuni, aje na kipimo chake cha kusikilizia moyo. Wafanyakazi walipanga mstari na kufungua vifungo vya chini vya shati. Winfred aliinama tumbo kwa tumbo. Kila baada ya mtu mmoja alikuwa akisimama na kuomba, "Tafadhali nyamazeni kidogo," na hakukuwa na aliyezungumza. Mudir, aliyekaa karibu naye mikono juu ya tumbo, aliitikia kwa kichwa na kusema ni kweli, watu wanyamaze.

Tumbo la Riziki lilikuwa na maharage tu. Mpishi wa kwao huonja mchuzi kwenye kiganja, nyama huwaachia wengine. Alipitishwa. Laban alikuwa nyuma yake. Winfred alisikiliza tumbo la Laban muda mrefu, akainua macho, akamtazama Mkenya mwenzake.

"Hii ni njaa tu," alisema. "Huyu hajakula tangu jana."

Lakini mkuu wa ulinzi alikuwa amesimama begani kwake. Alivua kipimo masikioni mwa nesi akavaa mwenyewe. Alilazimika kumsogeza Laban mpaka kona ya mbali, mbali na kiti cha Mudir, ndipo akapata kusikia. Wimbi dogo lilipanda, likalala.

"Za mwizi ni arobaini," alisema Mtanzania mmoja mstarini, na hakuna aliyejua alikuwa anamsema nani.

"Nani alikupa?" mkuu wa ulinzi aliuliza.

"Nilijipea," Laban alisema.

"Maboksi yako wapi?"

Laban alifunga vifungo vya shati lake. Mudir alisikitika. Bataka ya Laban, kitambulisho chake cha ukaazi, ilichukuliwa palepale, na gari la kumpeleka uwanja wa ndege likawashwa kabla hajabadilisha sare.

Riziki alipanda ghorofa ya ofisi akiwa bado na aproni. Alikuwa na woga na hasira, na hakujua kipi kilikuwa kinamtangulia mlangoni. Mudir alimkaribisha kiti.

"Mimi ndiye niliyempa Laban," Riziki alisema. "Kipande kimoja. Maboksi yako kwako, Muaither. Nimeyaona."

Tumbo la Mudir lilivunja wimbi. Aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Samahani, sikusikia."

Alirudia. Wimbi jingine likavunjika juu ya maneno yake.

"Sema kwa sauti, binti yangu. Mlango wangu uko wazi kwa kila mtu."

Riziki alisimama na kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Walisikia watu wa hesabu upande wa pili, alisikia mpeleka chai kwenye lifti, na wafagiaji ghorofa ya chini waliacha kufagia. Alisema kambakoche, akasema villa, akasema Laban hana kosa. Mudir alimtazama kwa upole muda wote, mawimbi yakipanda na kushuka ndani ya shati lake. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuja. Maharage yenu ni mazuri sana." Riziki hajui mpaka leo kama kweli hakusikia.

Barua ya onyo ilimfikia kabla ya mwisho wa zamu. Kosa lake lilikuwa kumpigia kelele kiongozi. Alitia sahihi, kwa sababu hilo alikuwa amelifanya kweli.

Wiki ya Pwani ya Meksiko ilikuwa imependwa, ikaongezwa. Jioni ileile maboksi yalipungua kama kawaida, na hakuna aliyeitwa kusikilizwa, kwa kuwa mwizi alikuwa ameshapatikana.

Riziki alipofika Muaither alikuta kitanda kilichokuwa kitupu chumbani mwao kimetandikwa. Mwanamke mgeni alikuwa ameketi ukingoni, begi kati ya miguu, nywele zimesukwa upya, bado amevaa sweta la ndegeni. Viza ilikuwa imetoka haraka kuliko walivyotegemea. Walimsainisha mkataba wa miaka miwili uwanjani palepale na pasipoti wakaiweka ofisini.

"Habari, dada. Mimi naitwa Roselyne," alisema, akatabasamu. "Simu ya mzee wangu haishiki tangu mchana. Ni wa geti la nyuma. Leo ako shift gani?"