Mtoto Nisiyempakata

Khadija ameninunia, na akininunia Khadija mie sina mtu Ngamiani nzima. Vyumba vyetu vimeshikana ukuta. Ndiye aliyekuwa akinifungulia kifuniko cha ndoo na chupa ya chai, huku akinitania, "Mwatumu, umekuwa mwari wewe, hata kifuniko ufunguliwe?" Nami nacheka. Nilimwacha aamini nadeka.

Vidole vyangu havikunjiki. Kiwandani nasimama toka asubuhi nikilisha singa za katani kwenye mashine ya kuchana. Shika, vuta, sukuma, mwendo uleule miaka nenda miaka rudi. Viganja vinakufa ganzi, viwiko vinawaka moto, na usiku bega haliniachi nilale. Na sisi ni vibarua tu. Nyapara wetu, Castory, akijua mkono wako umechoka, kesho unamkuta mwingine amesimama mahali pako. Kwa hiyo nafunga mdomo.

Basi siku ya arobaini ya mjukuu wa Khadija nikaenda na sabuni yangu na khanga. Chumba kimejaa wanawake. Kwetu mtoto huzungushwa, kila mgeni ampakate, amwombee dua, kisha ampe mwenzake. Khadija akamleta kwangu kwanza. Hiyo ni heshima, naijua.

Nikaitazama mikono yangu. Nikamtazama Rahila, mdogo wake Khadija, ambaye kazini tunasimama mashine moja. Nikisema hapa kwamba sina nguvu ya kushika mtoto, yatamfikia Castory. Na nikimwangusha je?

"Mie sipakati," nikasema.

Mwanamke ambaye hakujaliwa kuzaa, anakataa kumpakata mtoto wa watu. Nani hatawaza kijicho? Khadija akamfunika mtoto uso, akampeleka kwa wengine. Nikainamisha kichwa mpaka nilipoaga. Tangu hapo hajanigongea, nami namsikia yule mtoto akilia ng'ambo ya ukuta, natamani kulia naye.

Jumatatu, saa ya chakula, Rahila akanifuata nyuma ya marobota ya katani. Nikajua amekuja kunisuta. Kumbe akanisogezea chupa yake ya chai.

"Nifungulie, dada."

Nikaibana kwa magoti, nikazungusha kwa viganja viwili. Wapi. Nikamrudishia, naye akajaribu, na vidole vyake vimekakamaa vilevile kama vyangu. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile mtoto alipofikishwa kwake, Rahila alisema alazwe mkekani, kuna joto. Yeye ni wa nyumbani, hakuna aliyemwazia baya.

"Mwambie dada yako," nikasema. "Nakuomba, Rahila."

Akatazama chini. "Nikimwambia yako, ataniuliza na yangu. Na Khadija hana kifua, unamjua."

Namjua. Sikuweza hata kumkasirikia. Kengele ikalia, tukaiacha chupa juu ya robota, imefungwa na chai bado ya moto, tukarudi kushika singa.