Breki ya Kushoto

Rubani Torgeir alishuka ngazi za ndege huku mvua ya Hammerfest, kaskazini mwa Norwe, ikimchapa usoni. Zamu yake ilikuwa imekwisha, na ya Ingunn ndiyo inaanza. Akamkabidhi ndege kwa maneno machache.

"Breki ya kushoto inasitasita ukikanyaga. Si kitu. Utaandika ukifika Tromsø."

Ingunn aliijua desturi hiyo, maana Torgeir mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Hitilafu huandikwa Tromsø tu, nyumbani, penye mafundi. Ukiiandika kwingine, ndege inalala palepale, abiria wanakutukana, na meneja hasahau kamwe. Basi marubani wa kampuni ile huibeba hitilafu kimyakimya mpaka nyumbani. Upuuzi mtupu, lakini wote walikuwa wameshauzoea.

Akainama chini ya bawa, akamulika tochi. Kila breki ina kijipini kinachoonyesha unene uliobaki. Kikizama, breki imekwisha. Cha kulia kilichomoza vizuri. Cha kushoto hakikuonekana kabisa. Kabla ya Tromsø walipaswa kutua Hasvik, penye njia fupi ya ndege, iliyolowa, na mwisho wake ni bahari.

"Torgeir, kijipini kimezama!"

"Tangu juzi, binti. Fundi alikiona, akasema tusukume hadi Jumatatu, vipuri havijafika. Nimetua nayo, na bado niko hapa nakusumbua."

"Hasvik? Kwenye mvua hii?"

"Ala! Cheo kipya, na woga mpya?"

Simu ikaita. Alikuwa meneja. "Ingunn, mama, mbona hamruki? Wenzako wote wameirusha. Wewe peke yako ndiye mwenye macho?"

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Hasira zilimpanda, lakini woga ulikuwa mkubwa zaidi. Je, kama wao ndio wako sahihi? Ukapteni wake ulikuwa mbichi, na kampuni haikukosa njia za kumrudisha kiti cha pili, cha rubani msaidizi.

Dirishani mwa jengo la abiria alimwona Gudveig, mke wa Torgeir, akimalizia mkate wake wa jibini la kahawia. Alikuwa amekuja kumtembelea dada yake, na sasa angerudi Tromsø na mumewe, kwa ndege hii hii.

"Haya, turuke," Ingunn akasema. "Kamwite Gudveig, mkae viti vya mbele."

Torgeir akatazama gurudumu. Akatazama dirisha.

"Gudveig..." akajikohoza. "Gudveig anaweza kungoja ya kesho. Hajashiba kuongea na dada yake."

"Na wale wengine waliokaa naye?"

Uso wote ukamshuka Torgeir.

Ingunn akafungua kitabu cha hitilafu cha ndege, akakiegemeza kwenye goti, akaanza kuandika. Torgeir akasogea, akavua kofia, akaikinga karatasi isilowe.

"Andika kwamba nilijua," akasema. "Na jina langu."