Makofi ya Mama Zita

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Fabiani alifunzwa na mamaye vizuri kabisa, kisha ulimwengu ukaja kumfundisha upya, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alikuwa mhadhiri wa falsafa ya maadili Dar es Salaam. Aliwafundisha vijana mawazo ya wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya kumi na nane: kwamba binadamu wote ni sawa, na muungwana wa kweli huongozwa na akili, hampigii mtu magoti. Mwenyewe akayaamini, akawa muungwana wa tai na viatu vya kung'aa.

Mwaka juzi alikwenda kwao, kijijini nje ya Sumbawanga, pamoja na wahadhiri wenzake. Mama yake, Zita, alitoka jikoni na unga wa ulezi mikononi, akachuchumaa mbele ya wageni na kupiga makofi taratibu, kama Wafipa wanavyomsalimia mtu wanayemheshimu. Fabiani akamshika mkono, akamwinua.

"Mama, huo ni utumwa. Usirudie tena."

Falsafa bwana! Aliita usawa, kumbe ilikuwa aibu tu, na mama aliiona usoni mwake. Akarudi jikoni.

Sasa Zita alikuwa kitandani, moyo umechoka, hospitali wamemrudisha nyumbani. Fabiani alitaka jambo moja tu: mama amsalimie tena kwa makofi, ajue amesamehewa.

Mama mdogo Cornelia alimpokea mlangoni. "Tangu siku ile hajampigia mtu makofi. Wageni wakija anajificha jikoni. Watu wanasema anaringa, eti mwanawe msomi."

Yalimchoma Fabiani. Akaingia, akachuchumaa kando ya kitanda na suti yake, akapiga makofi taratibu.

"Mama, nimekuja. Nisamehe."

Zita akafumbua macho, akatabasamu. Mikono yake ikainuka juu ya blanketi, ikakaribiana. Fabiani akazuia pumzi.

Kisha mama akakumbuka. Akatazama mlangoni kama kuna wageni, akaiingiza mikono chini ya blanketi, mmoja baada ya mwingine.

"Sirudii tena, baba," alinong'ona. "Usione aibu."

Fabiani akalia kama mtoto. Aliendelea kupiga makofi peke yake, hata Cornelia alipokuja kumfumba mama macho.