Mikaratusi ya Small Heath

Dative alikuwa anatoka kununua muhogo Coventry Road, huko ughaibuni alikohamia, akakatiza kwa njia ya kando ya kijito. Akakuta mikaratusi imeota kando zote mbili kwa usiku mmoja, mirefu kuliko mapaa ya nyumba. Jana yake palikuwa na miiba na toroli la dukani lililozama. Alichuma jani, akalisugua viganjani, akanusa. Harufu ya kwao Bukavu ikamjaa puani, akataka kulia.

Mzee Gurmit, Singasinga mzaliwa wa Kericho, alikuwa anatembeza mbwa wake.

"Hii ni miti ya kwetu Kericho, mama," akasema. "Kuni zake ndizo tulikuwa tunakaushia majani chai."

"Hapana, Papa. Hii iko ya kwetu Bukavu."

Walibishana kwa raha zao mpaka Ignace, mume wa Dative aliyebaki Bukavu, alipotokea ng'ambo ya kijito, katikati ya miti, na kandambili zake. Gurmit akamwamkia, akaendelea na mbwa wake.

Maji ya kijito hayakufika kifundo cha mguu. Lakini kila Ignace alipoyakanyaga alijikuta amerudi Bukavu, ikambidi aje tena kupitia mitini; na Dative alipovuka yeye, alikuta miti mitupu. Basi wakazoea kuzungumza kwa sauti, huyu huku, yule kule. Dative akaacha kununua kadi za simu. Alimrushia maandazi, akamtazama anavyokula, akatamani kumshika japo kidole tu.

Serikali ilikuwa imemnyima Ignace ruhusa ya kuingia nchini. Walioana kwa ng'ombe na pombe ya kasiksi, koo mbili zikinywa na kushuhudia, bila cheti. Na bila cheti, Dative aliambiwa, huna mume. Akamleta ofisa wa uhamiaji mpaka kijitoni. Ofisa akampungia Ignace mkono kwa adabu, akamuuliza kama hasikii baridi.

"Ila pale aliposimama bado ni nje ya nchi," akamwambia Dative.

Baadaye akaja bwana miti wa manispaa. Akapapasa magome, akasema kwao mikaratusi si Bukavu wala Kericho, ni Australia. Dative na Gurmit wakatazamana kwa haya, maana kila mmoja alishaapa kuwa ni ya kwao. Bwana miti akasema haina madhara, na kwamba hana haja ya kujua imefikaje.

"Chérie, anasema nini?" Ignace akauliza kutoka ng'ambo.

"Anasema miti inaweza kubaki."

Ignace akasema hiyo ni habari njema, akakaa chini ya mmojawapo.