Chakula cha Njiani

Nasima hakuwahi kukanyaga ukumbi ule mkubwa wa mikutano mjini hadi siku alipoitwa kwenda kulisha watu humo. Kwa miaka mingi alipikia harusi na matanga ya mtaa wa Tena, na sifa zake zilifika mpaka Umoja, lakini kule kwenye majumba ya vioo na bendera hakuna aliyemjua. Kwa hiyo bwana mmoja aliyejiita Muthama alipompigia simu akitaka chai, mahamri na sambusa kwa maonyesho ya kazi za ng'ambo, siku tatu mfululizo, aliona riziki imemfuata mlangoni. Akaenda soko la Muthurwa kununua viungo na mafuta, akaazima masufuria kwa majirani, akamwita Rufaida, binti wa kaka yake aliyekuwa akiishi naye, amsaidie kugawa.

Rufaida alikuwa amemaliza chuo mwaka juzi, na tangu hapo alikuwa akishinda nyumbani na simu mkononi, akingoja kuitwa na watu wasiomwita. Alivaa buibui lake jipya, akachukua trei bila kunung'unika.

Ukumbi ulijaa wasichana. Walitoka mitaa ya Pipeline, Kayole, Dandora, wengine walisafiri kutoka mashambani na mabegi yao kabisa. Zulia lilikuwa nene kiasi kwamba huwezi kusikia mtu akija nyuma yako. Ukutani kulikuwa na picha za minara na bahari, na Muthama alitembea kati ya viti akiwa na suti ya kijivu, akinukia vizuri, akiwasalimu wasichana mmoja mmoja. Alikuwa na kipaji cha kushika jina la mtu. Ukilitaja mara moja tu, basi amelishika.

Msichana wa kwanza kumzoea Nasima aliitwa Ndindi, wa kutoka Kware. Aliingia jikoni bila kuitwa, akakunja mikono ya blauzi na kuanza kuosha vikombe.

"Anti, hii mahamri umeweka nini ndani?" aliuliza huku mdomo umejaa. "Nikifika huko na nikose hii, narudi kwa miguu, nakuambia!"

"Na mama yako umemwachia nani?"

"Mathe ako sawa. Anafulia watu nguo. Nataka nimtoe kwa hiyo nyumba, anti. Dirisha letu linaangalia ukuta. Mchana tunawasha taa."

Siku ya pili Muthama alimwona Rufaida akigawa chai, akasimama naye kidogo, akacheka naye. Alasiri Rufaida alikuja jikoni mbio, macho yanang'aa. "Shangazi, nimechukuliwa! Kazi ya ofisi, ya kompyuta. Ameniambia nilete pasipoti kesho." Nasima alimkumbatia, akasema alhamdulillahi, lakini hakutulia. Alikuwa ameona wasichana wakinyang'anywa simu kwa maneno matamu, eti wasisumbuliwe wakati wa mahojiano. Alikuwa ameona pia kwamba msichana akitaka kwenda msalani, mwanamke mmoja mwenye redio ya mkononi anamfuata na kumngoja mlangoni.

Siku ya tatu asubuhi Muthama alitangaza kwa kipaza sauti kwamba waliopita watapelekwa hospitali kupimwa, watarudi kabla ya jua kuzama, na safari yenyewe ni baada ya miezi miwili. Wasichana walipiga makofi. Pasipoti zao zilikuwa zimeshakusanywa.

Halafu akaja jikoni.

"Mama, mchana huu acha chai. Nifungie chakula cha njiani, cha watu arobaini. Vitu vikavu, vile haviharibiki kwa siku mbili."

Nasima aliacha kukoroga. "Safari ya wapi, mwanangu?"

Muthama alitabasamu. "Wewe funga tu, mama."

Alifunga. Mikono ilifanya kazi yenyewe, chapati, viazi, nyama iliyokaushwa, kila mkebe ukibandikwa karatasi ndogo yenye jina lake na nambari yake ya simu, kama alivyofanya siku zote ili wateja wamkumbuke. Kichwani aliyarudia yale maneno: siku mbili, visiharibike. Nani huenda kupimwa damu na chakula cha siku mbili?

Alifungua mlango wa nyuma akijifanya anamwaga maganda. Mabasi mawili yalikuwa yamesimama pale, mapazia yamefungwa, injini zinanguruma. Akamsogelea dereva mmoja.

"Mnaenda hospitali gani, baba?"

Dereva akapandisha kioo.

Nasima alimkimbilia Oketch, askari wa lango la nyuma, akamweleza. Oketch alimsikiliza akiangalia viatu vyake. "Mathe, hawa wamekodisha ukumbi. Mimi kazi yangu ni hii geti." Nasima akampigia kaka yake, simu ikaita hadi ikakatika. Kupitia mlango wa ukumbi alisikia majina yameanza kusomwa.

Alichukua trei, akaingia, akapenya hadi kiti cha Rufaida na kuinama kama anayemwandalia.

"Inuka twende. Hawaendi hospitali."

"Shangazi, tafadhali. Usinitie aibu hapa."

"Nimeagizwa chakula cha siku mbili, Rufaida. Siku mbili!"

"Kwa hiyo kwa sababu ya chapati niache kazi?"

Nasima aliweka trei chini, pale pale kwenye zulia, akapanda jukwaani. Kipaza sauti alikuwa amekishika kwenye harusi tu, kuwaita akina mama waje kula. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Wanangu, nisikilizeni. Mimi ndiye mpishi. Mmeambiwa mtarudi leo. Mimi nimeambiwa niwafungie chakula cha siku mbili. Mabasi yako nyuma ya jiko. Ulizeni mnapelekwa wapi kabla hamjapanda."

Muthama alikuja taratibu, hana haraka, akamtoa kipaza sauti mkononi kwa upole kama mtoto anayemsaidia mamake mzigo. "Mama yetu amechoka," akasema. "Amesimama jikoni siku tatu. Mpigieni makofi."

Wakampigia makofi. Wengine wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomtia Nasima hofu kuliko mabasi.

Wasichana wachache tu waliinuka na kutoka. Ndindi alisimama nusu, akamtazama Nasima, akakaa tena. "Anti," alisema kwa sauti ndogo, "nikirudi Kware, narudi kufanya nini?"

Nasima alimkamata Rufaida kifundo cha mkono, akamburuta kama mtu anayemtoa mtoto barabarani. Hakuna aliyewazuia. Muthama aliwafungulia mlango mwenyewe. "Haya, Rufaida," akasema. "Sisi tupo." Pasipoti hakuirudisha.

Walisimama nje kwenye jua wakati mabasi yanatoka. Chakula cha Nasima kilikuwa ndani.

Polisi waliandika maelezo ya Nasima. Kampuni ya Muthama haikujulikana popote, na ukumbini tayari watu wengine walikuwa wakipanga maonyesho ya magari. Rufaida hakumsemesha shangazi yake. Aliingia, alikula, alilala. Mama Ndindi, aliyeelekezwa na polisi, alikuja kutoka Kware, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyochubuka kwa sabuni, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango na kumwomba Nasima amsimulie tena. Alikuja hivyo mara nyingi. Kila mara aliuliza kama Ndindi alikuwa amekula siku ile.

Kisha siku moja adhuhuri simu ya Nasima iliita kwa nambari ya nchi asiyoijua.

"Anti, usiseme kitu. Ni Ndindi." Alikuwa akinong'ona. "Nambari nilitoa kwa ule mkebe wako. Hapa ni mbali, kuna ukuta na waya juu. Tunakalishwa kwa kompyuta tunadanganya watu watume pesa. Ukikataa unapigwa. Ambia mathe niko hai." Simu ikakatika.

Mama Ndindi alifika mbio, kitambaa cha kichwa kimemwanguka begani. Rufaida, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, aliketi nao sakafuni. Ni yeye aliyeipiga ile nambari. Ikaita, haikupokewa. Akaipiga tena, na tena, na tena, Mama Ndindi akimsihi asiache.

Mwishowe ikapokewa. Walisikia mtu akipumua.

"Ndindi!" Mama yake alipaza sauti. "Ndindi wangu, uko wapi?"

"Ndindi," sauti ya mwanamume ikarudia polepole, kama mtu anayelitia jina akilini. Kisha simu ikakatwa.

Nambari ile waliipeleka kwa wapelelezi, na haikuwa bure. Miezi ilipita, barua na simu za serikali zikaenda na kurudi, hadi wakaambiwa baadhi ya wasichana wanarudishwa nyumbani. Wote watatu walikwenda uwanja wa ndege. Wasichana walitoka wakiwa na mifuko ya plastiki, wamekonda, hawainui macho hata walipoitwa na mama zao.

Mmoja wao alimtambua Nasima, akamshika mkono kwa nguvu.

"Ndindi yuko nyuma?" Nasima aliuliza.

Msichana alitikisa kichwa. "Walimhamisha, zamani. Alikuwa ameiba simu ya msimamizi, akaificha ndani ya mto wa kulalia. Akasahau kuizima. Ikaanza kuita, ikaita, haikunyamaza, hadi wakaja."

Rufaida aliufunika mdomo kwa ushungi wake.

Mama Ndindi hakuwa amesikia. Alikuwa amesimama mbele kabisa, amekumbatia sweta aliyomletea binti yake, akiangalia mlango.

"Bado kuna wengine ndani, sivyo?" aliuliza bila kugeuka.

Nasima alikwenda akasimama kando yake.

"Tungoje kidogo," akasema.