Kibisi Mwenye Watoto Mgongoni

Mtu akikwambia kupiga picha ndege wa majini ni kazi ya raha, mwambie aje alale kifudifudi kwenye tope la ziwa lile, nyasi zikimchoma mbavu na mbu wakimla masikio, halafu wifi yangu awe pembeni yake.

Wifi ndiye mwenye gari, na bila gari hufiki kule. Ni nyasi tupu mpaka macho yachoke. Kwa hiyo nilimchukua yeye, na mdomo wake nikauchukua pia.

Nilitaka picha moja tu. Mhariri wa kalenda alishapokea korongo wangu na mwari wangu, akawapenda, ila akasema bila kibisi, yule ndege mdogo wa kupiga mbizi, akiwa amebeba makinda mgongoni, kazi yote atampa mwingine, na mwisho wa kumpelekea ulikuwa jioni ile. Kwangu kalenda hiyo ilikuwa njia ya kutokea. Nimechoka na studio. Nimechoka na kile kiti kimoja, lile pazia jeupe, na watu wanaopigwa picha za vitambulisho kisha wanalalamika kwamba pua si yao.

Asubuhi kibisi alitoka kwenye matete mara mbili, vichwa vidogo vyenye mistari vimechomoza katikati ya manyoya ya mgongo wake. Mara zote mbili, nilipobonyeza tu, akazama. Nikaambulia picha za maji. Mara ya pili nilimgeukia wifi, aliyekuwa akifungua chupa ya chai.

"Wifi, jamani, hicho kifuniko!"

"Kifuniko kimefanya nini?"

"Kimelia. Umemtisha ndege."

"Makubwa! Na kupumua je, nipumue au nisubiri ruhusa?"

"Nenda tu ukakae garini. Tafadhali."

"Mbona unanifukuza kama kuku aliyeingia sebuleni? Mvumilivu hula mbivu, wifi yangu."

"Nenda!"

Akajizoa, akaenda zake nyuma ya tuta. Nilijua mume wangu angeyasikia yote kutoka kwa dada yake, tena yakiwa yametiwa chumvi. Sikujali.

Jua likapanda, likaanza kushuka. Bata wakajipitisha mbele ya lenzi kana kwamba wao ndio wenye harusi. Mwari naye akaja, akatua, akanyoosha shingo. Nani kamwita? Nilikuwa na hasira hadi na bata.

Ndipo kibisi akatoka, safari hii karibu mno, hata nikaona tone la maji kwenye mdomo wake. Kinda mmoja alikuwa ametulia mgongoni, wa pili akihangaika kupanda. Mwanga ulikuwa mzuri. Hapakuwa na upepo, wala mtu. Nikaweka kidole kwenye kitufe, na hapo nikasikia sauti ya mwanamke, kavu, ya kikazi: "Inua kidevu. Usipepese macho."

Ilikuwa sauti yangu, ile ya studio.

Kibisi akazama na wanawe. Alipoibuka alikuwa mbali katikati ya ziwa, mdogo kama punje, na huko akabaki mpaka mwanga ukaisha. Nilikusanya vyombo vyangu kwa hasira, na safari hii sikuwa na wa kumtupia lawama.

Wifi alikuwa ameegemea gari.

"Umempata?"

"Sijampata."

"Nimekusikia hadi huku ukimsemesha. Kidevu, sijui macho."

Alinipangusa tope begani, taratibu, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Hata asubuhi ulimwambia hivyo hivyo," akasema. "Mara zote mbili. Nikadhani ndivyo wanavyopigwa picha."

Alikuwa na haki ya kuniambia nyani haoni kundule. Alikuwa na haki ya kucheka mpaka atoe machozi, na ningemshukuru. Lakini hata hakutabasamu, na hilo ndilo lililonichoma.

"Wifi," nikamwambia, "sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Si ulinifukuza?"